Mbuga Inayoishi kwa Hisani ya Majirani

Katika miaka ya 1930, gazeti la East African Standard lilichapisha barua iliyowatia hasira wasomaji wake. Mwandishi alijiita "Mlowezi Mkongwe", na rai yake ilikuwa fupi: wanyamapori wote wapigwe risasi, wamalizwe. Majibu yakamiminika. Watu ambao hawakuwahi kufungua kinywa kuhusu swala wala simba sasa walidai serikali iwalinde. Baadaye ikajulikana kwamba aliyeandika alikuwa na nia kinyume kabisa na maneno yake. Aliitwa Mervyn Cowie, mhasibu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1909 na kusoma Uingereza. Aliporudi nyumbani mwaka 1932, alikuta makundi ya wanyama aliyoyajua utotoni yamepungua mno. Alijaribu kuwashawishi wakubwa kwa upole, hakusikilizwa. Ndipo akaamua kuwachokoza watu.

Uchokozi huo ulifanya kazi yake. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliunda kamati ya kuangalia sera ya wanyamapori. Vita Vikuu vya Pili vikachelewesha mambo, sheria ikapatikana mwaka 1945, na tarehe 16 Desemba 1946 Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ikatangazwa rasmi, ya kwanza nchini Kenya. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 tu, na lango lake kuu liko mwendo wa kilomita 7 hivi kutoka katikati ya mji. Cowie akawa mkurugenzi wa mbuga zote za koloni hadi mwaka 1966, alipompisha Perez Olindo, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo.

Ndivyo kisa hiki kinavyosimuliwa mara nyingi, na ni kisa kitamu. Kasoro yake ni kwamba kinaanza wanyama walipokuwa tayari wamepungua, na hakisemi neno juu ya watu waliokuwa wakiishi nao siku zote zile walipokuwa wengi.

Nyanda za Athi na Kapiti, zinazoanzia kusini mwa Nairobi na kuteremka kuelekea Kajiado, zilikuwa malisho ya Wamaasai, hasa wa ukoo mkubwa wa Kaputiei. Ng'ombe, nyumbu, kongoni na punda milia walikula nyasi moja na kunywa mto mmoja. Mfugaji wa Kimaasai alimuua simba aliyevamia boma, lakini riziki yake ilitoka kwa ng'ombe. Hakuwa mtu wa kuwinda nyama ya porini. Kwa hiyo wazungu wa kwanza walipofika waliona nyanda zilizojaa wanyama, wakadhani wamekuta nyika isiyo na mwenyewe. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwezi Mei 1899, na kambi ya vibanda ikageuka mji. Mkataba wa mwaka 1904 ukawasukuma Wamaasai katika maeneo mawili ya hifadhi, moja kaskazini huko Laikipia na jingine kusini. Mkataba wa mwaka 1911 ukawanyang'anya hata ile Laikipia, wakahamishiwa kusini.

Kati ya mikataba hiyo miwili alifika Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani. Mwaka 1909 alianza safari yake ya uwindaji katika nyanda hizohizo za Kapiti. Hadi safari ilipokwisha mwaka uliofuata, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wameua wanyama 512, wengi wakipelekwa katika makumbusho ya Washington. Bunduki za wageni wa namna hiyo, pamoja na mashamba na nyaya za walowezi, ndizo zilizopunguza makundi ambayo Cowie aliyakosa aliporudi. Hata hivyo, sheria ilipokuja kuwalinda wanyama, aliyeambiwa aondoke alikuwa mchungaji.

Eneo lililokuja kuwa mbuga lilikuwa malisho ya pamoja kando ya mji. Wafugaji wa Kimaasai na wa Kisomali walilisha humo, na majeshi yaliutumia uwanja huo kwa mazoezi wakati wa vita. Mwaka 1946 mifugo ilitolewa. Kwa miaka iliyofuata, upande wa mji ulizungushiwa ua hatua kwa hatua: kaskazini, magharibi na mashariki. Upande wa kusini, unaopakana na Mto Mbagathi, ukaachwa wazi.

Kuachwa wazi huko ndiko kulikoiokoa mbuga. Msimu wa mvua unapoanza, nyumbu, punda milia, pofu na kongoni huvuka Mbagathi na kutawanyika katika nyanda za Athi na Kapiti, ambako nyasi ni fupi, changa na zenye madini wanayoyahitaji majike wanaonyonyesha. Kiangazi kikikaza, maji ya nyandani yakakauka, makundi hurudi mbugani kwenye mto wa kudumu na mabwawa yaliyochimbwa ndani yake. Simba huwafuata, na fisi huwafuata simba. Eneo zima wanalolitumia kwa mwaka linazidi kilomita za mraba 2,000. Ile mbuga iliyochorwa kwenye ramani ni kisima chao cha wakati wa kiangazi. Sehemu kubwa ya nyumba yao iko nje, katika ardhi ya watu.

Hilo lilijulikana tangu mwanzo, na tangu mwanzo likaahirishwa.

Baada ya uhuru, mbuga ilipata kazi mpya. Mwaka 1964 kilifunguliwa kituo cha wanyama yatima karibu na lango kuu. Kilikusudiwa kwa wanyama waliookotwa sehemu mbalimbali za Kenya: mwana wa duma aliyeuliwa mama, tumbili aliyevunjika mguu, simba aliyezoeshwa nyumbani kwa mtu mpaka akashindwa kurudi porini. Mwaka 1968 wanafunzi wa shule za sekondari walianzisha Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya, na makao yake makuu yakawa Langata, jirani na mbuga. Baadaye ikaongezwa njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi, ambapo mgeni hutembea kwa miguu kupita mandhari ya msitu, ya maji na ya nyika, akiwatazama bongo, vifaru na wengineo kwa karibu. Watoto wengi wa Nairobi walimwona simba kwa mara ya kwanza hapo, siku ya ziara ya shule, wakiwa wamevaa sare na kushikana mikono. Gari la kuzunguka mbugani ni ghali kwa familia nyingi za mjini. Njia ile na kile kituo cha yatima vimefanya kazi ambayo matangazo ya utalii hayaitaji: vimewapa wenye nchi nafasi ya kuwaona wanyama wao.

Kazi iliyovuma duniani zaidi ilianza mwaka 1977, kutokana na msiba. David Sheldrick, aliyekuwa mkuu wa mbuga ya Tsavo Mashariki kwa miaka mingi, alifariki mara tu baada ya kuhamishiwa Nairobi. Mjane wake, Daphne, aliruhusiwa kuishi ndani ya mbuga na kuendelea kulea watoto wa ndovu na faru. Kulea ndama wa ndovu anayenyonya lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyeliweza. Maziwa ya ng'ombe yaliwaharisha mpaka wakafa. Daphne alihangaika kwa miaka kabla ya kupata mchanganyiko unaofaa, maziwa ya watoto wachanga yaliyotiwa mafuta ya nazi, na siri ilikuwa katika nazi hiyo. Mwaka 1974, kule Tsavo, alifanikiwa kumlea ndama aliyemwita Aisha kwa miezi kadhaa. Kisha akasafiri kwenda kwenye harusi ya binti yake, na Aisha, aliyemshikilia yeye peke yake kama mama, akadhoofika na kufa.

Kifo cha Aisha kikawa kanuni ya kazi. Tangu hapo ndama hawalelewi na mtu mmoja. Kikosi cha walezi hupokezana zamu, kila ndama akapata familia ya watu kadhaa, na usiku mlezi hulala katika chumba kimoja na ndama kwa sababu mtoto wa ndovu hakai peke yake. Hunyweshwa maziwa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Hupakwa matope ili wasiungue na jua, hufunikwa blanketi baridi ya Nairobi inapokaza. Walezi hao ni Wakenya wa kawaida kutoka makabila mbalimbali. Majina yao hayaonekani katika vitabu, ilhali bila mikono yao mchanganyiko wa Daphne ungebaki kuwa unga ndani ya kopo.

Ndama wakishavuka umri wa hatari hupelekwa Tsavo, huko Voi na Ithumba, au katika msitu wa Kibwezi, wakajifunze polepole kuishi na ndovu wa porini. Daphne Sheldrick alipofariki mwezi Aprili 2018, zaidi ya ndovu 230 walikuwa wameokolewa kwa njia hiyo, na baadhi ya majike walikuwa wamezaa porini. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Mbuga ya Nairobi yenyewe haina ndovu wa porini. Ilibeba mzigo wa mbuga nyingine.

Mzigo huo ulikuwa mzito kwa sababu ya ujangili. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini bunduki hazikunyamaza. Faru weusi, waliokadiriwa kuwa 20,000 hivi mwaka 1970, walibaki chini ya 400 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980. Tarehe 18 Julai 1989, Rais Daniel arap Moi alikwenda mbugani Nairobi akawasha moto rundo la pembe za ndovu lenye uzito wa tani 12. Richard Leakey, aliyekuwa amekabidhiwa idara ya wanyamapori, ndiye aliyebuni tukio hilo, na kwa vile pembe haziungui kirahisi, zilimwagiwa petroli. Miezi michache baadaye, mwezi Oktoba, mataifa yaliyotia saini mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, KWS, likazaliwa katika kipindi hichohicho, makao makuu yake yakiwa pale pale langoni. Tarehe 30 Aprili 2016 moto ukarudiwa na Rais Uhuru Kenyatta, safari hii pembe za ndovu tani 105 na za faru zaidi ya tani moja, mabaki ya ndovu wapatao 8,000. Majivu ya mioto yote yapo mbugani mpaka leo, na inafaa kila mgeni asimame hapo.

Kwa faru, mbuga ilifanya zaidi ya kuwasha moto. Kwa kuwa askari wake hawako mbali na makao makuu na uwanja ni mdogo unaolindika, iligeuzwa kimbilio: faru waliobaki wawiliwawili katika nyika pana zisizo na ulinzi walikusanywa humo wazaane. Wakishakuwa wengi, huhamishiwa kwingine. Mhamisho wa faru ni kazi ya kutisha. Daktari humpiga sindano ya usingizi akiwa ndani ya helikopta. Mnyama akianguka, watu hukimbia kumfunga macho na kumziba masikio asishtuke, humwekea chombo cha redio ndani ya pembe, kisha humsukuma hadi ndani ya sanduku la chuma.

Mwezi Julai 2018 kazi hiyo ilikwenda vibaya kupita kiasi. Faru weusi 11 walichukuliwa Nairobi na Nakuru wakapelekwa katika hifadhi mpya ndani ya Tsavo Mashariki, na wote wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba maji waliyopewa huko yalikuwa na chumvi nyingi mno. Kadiri walivyoyanywa ndivyo kiu ilivyowazidi. Maafisa kadhaa walisimamishwa kazi. Kwa nchi iliyotumia miaka 30 kuwahesabu faru mmoja mmoja, ilikuwa aibu na majonzi. Haikuwa mwisho: mwezi Januari 2024, faru 21 kutoka Nairobi, Ol Pejeta na Lewa walianza kuhamishiwa Loisaba huko Laikipia, ambako faru wa mwisho alikuwa ameuawa miongo mingi iliyopita. Leo Kenya ina faru weusi zaidi ya 900.

Wakati macho yote yakitazama moshi na helikopta, ule upande wa kusini ulikuwa unafungwa.

Katika miaka ya 1980 ardhi ya Kitengela, iliyokuwa ranchi ya kikundi, iligawanywa kwa familia, kila moja na hati miliki yake. Mfugaji akawa na karatasi anayoweza kuipeleka benki au kwa dalali. Mwaka 1990 eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje lilianzishwa Athi River, wafanyakazi wakahitaji nyumba, na Kitengela, uliokuwa mji mdogo kando ya barabara ya Namanga, ukapanuka kwa kasi ambayo hakuna aliyeipangia. Machimbo ya mawe, nyaya, nyumba za vioo, mashamba ya maua. Kila ua ulikuwa halali, uliwekwa na mwenye shamba katika shamba lake. Nyumbu, ambao katika miaka ya 1970 walihesabiwa katika nyanda hizo kwa makumi ya elfu, walishuka hadi elfu chache. Hakuna jangili aliyehitajika kwa kazi hiyo.

Waliobaki na ardhi wazi walibaki pia na simba. Mwezi Juni 2012, simba sita walichomwa mikuki Kitengela baada ya kuvamia mbuzi wa familia moja usiku. Wako waliowaita wauaji wakatili. Ni vyema kujiuliza mtu aliyeamka na kukuta mbuzi wake wametawanywa nje ya boma, huku mbuga inayopokea fedha za watalii iko ng'ambo ya mto, angefanya nini. Mwezi Machi 2016, simba dume maarufu aliyeitwa Mohawk alipotea hadi Isinya, akazingirwa na umati, akamjeruhi mtu mmoja, na askari wa KWS wakampiga risasi. Nchi ilimlilia. Ila Mohawk alikuwa anapita njia ambayo simba wa Nairobi wameipita tangu kabla ya reli.

Majibu bora kwa tatizo hili yalitoka upande wa kusini wenyewe. Richard Turere, mvulana wa Kimaasai ambaye familia yake inaishi kando ya mbuga, alikuwa na umri wa miaka 11 alipotambua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akaunganisha taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu kuzunguka boma, zikitumia betri ya gari na umeme wa jua, ili simba adhani mtu anazunguka na tochi. Simba wakaacha kuvamia. Majirani wakaomba taa. Mwaka 2013 Turere alikuwa akizieleza jukwaani huko California.

Jibu la pili lilikuwa kodi. Kuanzia mwaka 2000, mashirika ya hifadhi yalianza kuzilipa familia za Kitengela dola 4, takriban shilingi 300 za wakati ule, kwa kila ekari kwa mwaka. Masharti: wasijenge ua, wasichimbe mawe, wasiuze, wasiwadhuru wanyama. Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka, yakifuata mihula ya shule, ili mzazi alipe karo bila kuuza ng'ombe wala kipande cha ardhi. Mpango ulianza na familia chache ukafikia mamia. Udhaifu wake ulikuwa fedha: wafadhili walipokawia, malipo yalikawia, na dalali hakawii kamwe.

Serikali nayo ilikuwa na haraka nyingine. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba reli mpya ya SGR kuelekea Naivasha ingepita katikati ya mbuga juu ya daraja. Wanaharakati waliandamana, kesi zikafunguliwa, na mahakama ya mazingira ikatoa amri ya kusimamisha kazi. Mwaka 2018 ujenzi uliendelea, na mwezi Oktoba 2019 treni ya kwanza ikapita juu ya nguzo hizo, kwenye daraja la zaidi ya kilomita 6, twiga wakipita chini. Halafu, mwaka 2020, rasimu ya mpango wa miaka 10 wa kuisimamia mbuga ikazua mzozo mwingine, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na pendekezo la hoteli na la kuweka ua upande wa kusini.

Hoja ya wanaotaka ua inaeleweka. Wanasema Kitengela imeshapotea, simba wanauawa, watu wanadhurika. Afadhali kuokoa kilomita za mraba 117 zilizobaki. Lakini mbuga iliyozungushiwa ua pande zote itakuwa bustani ya wanyama. Makundi yatakosa malisho ya masika, yatahitaji kulishwa au kupunguzwa, na damu ya simba haitachanganyika na ya simba wa Amboseli na kwingineko. Na bado kuna ardhi wazi. Ng'ambo ya Mbagathi, wenye ardhi wa Naretunoi wameunganisha mashamba yao kuwa hifadhi ya jamii, na pofu, punda milia na nyumbu bado huvuka mto kwenda kwao.

Kwa hiyo uamuzi wa haki uko wazi: upande wa kusini usifungwe, na familia zinazouacha wazi zilipwe kutoka mapato ya mbuga yenyewe, kila muhula, bila kungoja mfadhili wa ng'ambo. Bunge la kitaifa na Kaunti ya Kajiado zina uwezo wa kuliandika hilo katika sheria. Na msomaji anayepanga kwenda kuwaona ndovu yatima, au kuwapeleka watoto kwenye ile njia ya mbao, asiishie langoni Langata. Avuke Mbagathi, alale katika kambi za jamii za kusini, anunue maziwa na shanga huko, na shilingi zake zibaki mikononi mwa watu wanaoishi na simba.